Propela ya pichi 8 au 9¾ kwa mashine ya 15: uzoefu wangu na boti ya uvuvi Tanga

Propela ninazozipima hapa ni mbili, zote za alumini, zote za mapanga matatu, na zote zinaingia kwenye Yamaha Enduro 15, mashine ya boti ya nguvu za farasi 15. Moja imechapwa 9¼ x 9¾, nyingine 9¼ x 8. Boti ni ya faiba, futi 23 hivi, inatoka Deep Sea, diko la wavuvi hapa Tanga. Mzigo wake wa kawaida ni watu watano, nyavu, sanduku la barafu na madumu mawili ya mafuta. Kwa kazi hiyo nimeiacha ya pichi 8 kwenye shafti, ile ya 9¾ inakaa kama akiba. Anayetumia mashine hiyohiyo kwenye boti nyepesi, watu wawili na mishipi, pengine atafanya kinyume changu na atakuwa sahihi.

Namba ya kwanza ni upana wa duara la mapanga kwa inchi. Hapo huna uchaguzi mkubwa, maana nafasi chini ya bamba la mashine ina mpaka wake. Namba ya pili ndiyo pichi: umbali ambao propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inajikaza ndani ya kitu kigumu. Majini haifiki umbali huo, daima kuna mtelezo. Pichi kubwa ni kama gia kubwa ya baiskeli: nzuri kwenye tambarare, mateso mlimani. Na boti iliyojaa samaki na barafu iko mlimani muda wote.

Wengi pale pwani huchagua propela kwa mbio za boti tupu. Kipimo cha kweli ni mizunguko ya mashine, boti ikiwa na mzigo wake wa kazi na mafuta yamefunguliwa yote, yaani mkono wa mafuta uko mwisho. Kwa mashine hii mizunguko hiyo iwe kati ya 4,500 na 5,500 kwa dakika. Ikishindwa kufika 4,500, pichi ni kubwa mno kwa mzigo huo. Ikipita 5,500, pichi ni ndogo mno. Inchi moja ya pichi hubadilisha mizunguko kama 150 hadi 200, hivyo kutoka 9¾ kwenda 8 tegemea nyongeza ya 300 au zaidi kidogo.

Mashine ndogo hazina saa ya mizunguko, lakini kuna vipimo vidogo vya bei nafuu ambavyo waya wake unazungushwa juu ya waya wa plagi, bila kukata kitu. Ukiona kinasoma 9,000 au 10,000, mashine haijawa ndege. Mpangilio wa kipimo unahesabu cheche mara mbili, ubadilishe. Pima asubuhi kabla upepo haujaamka. Nenda moja kwa moja kama dakika mbili, kisha geuka urudi njia ileile, halafu chukua wastani wa mwendo kwenye GPS ya simu. Usipofanya hivyo, mkondo wa maji utakudanganya, hasa wakati wa bamvua.

Sasa hesabu, maana ndiyo iliyonishawishi kuliko maneno ya duka. Gia ya mashine hii inapunguza mzunguko kwa 2.08, yaani mashine ikizunguka mara 5,000, propela inazunguka kama 2,400. Zidisha mizunguko ya mashine kwa pichi, gawanya kwa 2.08, kisha gawanya kwa 1,215: unapata noti (maili za baharini kwa saa) za nadharia, kabla ya mtelezo. Pichi 8 kwenye 5,000 inatoa noti 15.8. Pichi 9¾ kwenye 5,000 inatoa 19.3, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kwa mzigo wa kazi, 9¾ haikuwa inafika hata 4,500. Ikishuka mpaka 4,000, inatoa noti 15.4 tu. Ile "propela ya mbio" haikupi mbio zote za kwenye karatasi, ila mashine inavuta kwa uzito huku mafuta yamefunguliwa yote. Inachemka zaidi, plagi zinakuwa nyeusi, na masizi yanajaa kwenye ekzosi na ringi. Mashine ya mipigo miwili inayokaa hivyo msimu mzima hufa mapema, na lawama zote huangukia oili.

Tofauti niliyoiona majini ni hii. Kwa pichi 8 boti yenye mzigo inakaa sawa zaidi majini. Kwa 9¾ inabaki omo juu, tezi limezama, inakokota wimbi lake yenyewe. Kupinga kusi wakati wa kurudi, pichi 8 inashika vizuri zaidi na nahodha hahangaiki na mkono wa mafuta kila wimbi likipita. Ubaya wake: boti ikiwa tupu, mashine inapita 5,500 kirahisi. Asubuhi wakati wa kutoka, punguza mkono kidogo. Nahodha asiyesikiliza mlio wa mashine asipewe propela hii.

Kabla hujanunua propela mpya, angalia kwanza mashine imekaa wapi. Bamba lililo juu tu ya propela liwe sawa na chini ya boti, au chini yake kwa inchi moja hivi. Likiwa juu zaidi, propela inakula hewa: mizunguko inapanda ghafla, mlio unakuwa mkali, boti haiendi. Mashine ya mguu mfupi kwenye tezi refu haitapona kwa propela yoyote. Mguu mrefu unazidi mfupi kwa kama inchi 5. Kwenye mashua na madau ya mbao kuna tatizo jingine: mkuku unaokuja mpaka mbele ya propela unavuruga maji na kuleta povu. Fundi auchonge mkuku upungue polepole kuelekea tezi, usikatwe wima. Angalia pia tundu la pini ya kuinamisha mashine. Ikisukumwa nje mno, omo linadunda na propela inakula hewa. Ikivutwa ndani mno, omo linachimba maji na usukani unakuwa mzito.

Chuma cha pua? Kwa maji yetu, hapana. Panga zake ni nyembamba, imara na zinashika maji vizuri, lakini ukigonga mwamba maji yakiwa yamepwa, pigo linaenda kwenye shafti na gia. Alumini inapinda au kumeguka yenyewe, na hiyo ndiyo kazi yake. Panga iliyopinda kidogo hunyooshwa. Iliyomeguka inaweza kujazwa kwa kuchomelea kwa argoni, mradi fundi arudishe umbo la panga zote tatu. Jaribu usawa wake nyumbani: pitisha fimbo nyembamba iliyonyooka kwenye tundu, izungushe taratibu. Panga moja ikishuka chini kila mara, ndiyo nzito. Mtikisiko wa propela isiyo sawa unakula beringi na sili za shafti.

Ndani ya kitovu kuna mpira uliobanwa kati ya bomba la meno na mwili wa propela. Ukichoka unateleza, na dalili zake zinafanana kabisa na kula hewa: mashine inalia, boti inapoa. Kuzitofautisha ni rahisi. Piga mstari mmoja wa rangi kutoka kwenye bomba la ndani hadi kwenye mwili. Baada ya kwenda kwa nguvu, tazama. Mistari ikiachana, mpira umekwisha. Mpira ukianza kuteleza ukiwa baharini, rudi kwa mafuta kidogo sana. Mara nyingi utafika.

Unaponunua, nenda na propela ya zamani mkononi. Kwa mashine hii meno ya ndani ni manane; propela ya mashine ya 40 haiingii hata uombe. Soma chapa kwenye kitovu au panga, usiamini karatasi ya boksi. Weka propela juu ya meza iliyonyooka na pima kimo cha ncha za panga zote tatu: zikitofautiana kwa macho tu, irudishe hapohapo. Vitundu vidogo kama vya sponji kwenye alumini ni ishara ya uyeyushaji mbaya.

Kuifunga: toa plagi au funguo ya usalama kwanza, maana propela ikizungushwa kwa mkono mashine inaweza kushika. Safisha meno ya shafti, paka grisi isiyotoka kwa maji, kisha rudisha ile kola ya nyuma, inayokaa kati ya propela na gia. Upande wake ulioinama uelekee kwenye gia. Watu huisahau, propela ikasugua kasha la gia. Halafu propela, kola ya mbele, wosha, nati, na kotapini mpya. Nati ikazwe kiasi, tundu lilingane na pini, usilazimishe. Kotapini iwe ya chuma cha pua, kwa sababu msumari uliopindwa unaliwa na chumvi na siku moja propela inabaki kwenye fungu.

Kila propela ikitolewa, tazama kama kuna mshipi wa nailoni umejiviringisha nyuma yake. Unakata sili, maji yanaingia kwenye gia, na oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Kagua hiyo oili kwa kufungua skrubu ya chini kidogo: maji hutangulia kutoka. Mashine hii inachukua kama mililita 250 za oili ya gia SAE 90, na hujazwa kutoka tundu la chini mpaka itokee juu, si kumiminwa kutoka juu.

Ndani ya boti ninabeba ile ya 9¾, nati moja, kola, kotapini kadhaa, koleo na spana inayoingia kwenye nati, vyote kwenye dumu lililokatwa na kufungwa kwa kamba kwenye benchi la tezi.