Kushuka Kanaba na Karavani Nyuma: Land Cruiser Yangu na Breki za Tela

Leta kamera hapa chini, mpwa wangu. Chini zaidi, hapa kwenye gurudumu la karavani. Mnaona nimeweka kiganja na sikitoi? Joto lake ni la chai ya kunyweka, basi. Sasa tuje huku mbele kwenye gari lenyewe. Hapa pia nashika, ingawa sikai sana. Tumemaliza kushuka mteremko wa Kanaba, hapa kusini magharibi mwa Uganda, dakika kumi zilizopita. Ule mlima uliovaa kofia ya mawingu nyuma yangu ni Muhavura, kwa hiyo tuko Kisoro, na karavani ya kilo 1,900 imetufuata kwa adabu zake zote.

Karibuni tena, ndugu zangu. Kwa mgeni wa leo, mimi ni mtoto wa Busia, nimeendesha malori miaka mingi kabla ya kuanza kazi hii ya kupeleka wageni mbugani. Gari ni Land Cruiser 79, pikapu, injini ya 1HZ. Swali ninaloulizwa kuliko yote, hata na huyu anayeshika kamera, ni hili: "Mjomba, turbo utafunga lini?" Turbo ni ile pampu inayosukumia injini hewa zaidi, na hela yake niliyokuwa nimeweka imeishia kwenye breki, nyaya na rejeta. Leo nawaonyesha imekwenda wapi na kama imenilipa.

Tuanze na injini ili tuachane nayo. Silinda sita, cc 4,164, nguvu ya kuzungusha Nm 285 kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika. Barabara ya Masaka hiyo inatosha. Lakini ukiingia msitu wa Echuya uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, hewa imepungua karibu robo, na injini isiyo na turbo inahema kama mzee aliyebeba gunia. Gia ya pili, kilomita 25 kwa saa, malori ya viazi yanakupungia mkono. Ukiona moshi mweusi kwenye kioo, legeza mguu kidogo. Ile ni dizeli unayoimwaga hewani, na mwendo hautapungua.

Wapo waliofunga turbo kwenye 1HZ na zinatembea, wakiweka presha ndogo na kipimo cha joto la moshi. Sibishani nao. Ila injini hii inawashia dizeli kwanza kwenye chumba kidogo ndani ya kichwa cha silinda, mgandamizo ni 22.4 kwa 1, na ukizidisha joto pale, kichwa kinaanza kupasuka. Halafu turbo inakusaidia kupanda tu. Nani amewahi kufa kwa kupanda polepole?

Haya, sasa kitu chenyewe. Hiki kitufe cha kuzungusha hapa kando ya usukani, kidogo kama kifuniko cha soda, ni cha kontrola ya breki za tela, REDARC Tow-Pro Elite, inatengenezwa Australia. Hakuna aliyenilipa. Niliinunua, nikalipia na usafirishaji, na jumla haikufika bei ya ng'ombe mmoja mzuri. Boksi lake lenyewe limejificha ndani ya dashibodi.

Kazi yake ni hii. Ndani ya kila ngoma ya breki ya karavani kuna sumaku ya umeme. Ukikanyaga breki, kontrola inapeleka umeme nyuma, sumaku inang'ang'ania uso wa ngoma, inavutwa na mzunguko, inasukuma mkono wa chuma, na mkono unapanua viatu vya breki. Ndani ya boksi kuna kipimo kinachohisi gari linavyopungua mwendo. Ukikanyaga kidogo, karavani inashikwa kidogo, ukikanyaga kwa hofu, inashikwa kwa nguvu. Huo ni mpangilio wa lami. Wa pili ni wa vumbi na mawe: nguvu unaipanga wewe kwa kitufe, na haibadiliki kila tairi linaporuka shimo. Mimi nikiacha lami nahamia huo wa pili, maana kwenye kokoto magurudumu ya karavani yakifungwa yote, tela linaanza kukutangulia.

Kilichonifanya niipende ni jambo jingine. Ukibonyeza kitufe chenyewe, breki za karavani peke yake zinashika, za gari haziguswi. Mwaka jana kwenye kinamasi cha Lukaya basi lilinipita likiwa na haraka zake, upepo wake ukaisukuma karavani, ikaanza kutikisa mkia. Kushoto, kulia, kila mara zaidi. Mguu unataka kukanyaga breki, na hapo ndipo watu wanapopinduka, kwa sababu gari likishikwa mbele karavani inalisukuma kutoka nyuma. Nilitoa mguu kwenye mafuta, usukani nikaushika ukiwa umenyooka, nikabonyeza kitufe. Karavani ikavutwa nyuma kama mbuzi mwenye kamba, ikanyooka. Mke wangu alikuwa amelala. Hajui mpaka leo. Sasa atajua, anatazama hizi video.

Ubaya wake? Haijali fundi wako ni nani. Ukifungiwa vibaya, kitaa cha kontrola kinawaka vizuri na breki hazipo. Kila sumaku inakula karibu ampea 3, na karavani yangu ina ekseli mbili, kwa hiyo magurudumu manne, ampea 12. Fundi wangu wa kwanza alipitisha waya mwembamba, ule wa spika. Kila kitu kiliwaka, nikatoa shukrani na soda. Nilipofika Mpigi nikaona gari linafanya kazi yote peke yake. Nikapima umeme kwenye plagi ya nyuma breki zikiwa zimebonyezwa: volti 9. Nyingine zote zilikuwa zinapashia waya joto njiani. Nikang'oa, nikaweka waya wa milimita 6 za mraba kutoka kwenye betri mpaka bampa, na fyuzi ya ampea 30 inayojirudisha. Waya wa kurudishia umeme nao uwe mnene vilevile, usitegemee bodi. Hii ndiyo sehemu ya video ningependa uirudie mara mbili.

Njoo nyuma uone kiungio, hapa gari linaposhikana na karavani. Hiki kichwa cha chuma ni cha milimita 50. Zamani nilikuwa na kilichochomelewa kwenye bampa na mtu mmoja aliyeniambia bampa la Land Cruiser halivunjiki. Bampa halikuvunjika, ni kweli. Uchomeleaji ndio uliopasuka, matuta ya kabla ya Lyantonde, na karavani ikabaki inaning'inia kwa cheni. Cheni mbili, zimepishana chini ya kiungio hivi, moja huku nyingine kule. Zikipishana, shingo ya karavani, ile sehemu ya mbele inayoungana na gari, inadakwa kama mtoto kwenye mbeleko, hailimi lami. Kiungio cha sasa kimefungwa moja kwa moja kwenye chesisi kwa bolti za 8.8. Namba hiyo ni ya uimara wake, imeandikwa kichwani mwa bolti, ukiwa sokoni Kisekka, Kampala, isome mwenyewe. Bolti isiyo na namba, mrudishie mwenyewe kwa upole.

Uzito wa shingo. Shingo ya karavani ikikandamiza kidogo mno, mkia unacheza, ikizidi, mbele ya gari kunakuwa kwepesi na usukani unaelea. Asilimia 10 ya uzito wa karavani inanifaa, kwa hiyo kilo 190. Nilipimia wapi? Kwa mnunuzi wa kahawa Masaka, ssebo! Nilipaki sehemu tambarare, shingo nikaiegemeza kwenye mizani ya magunia. Ilisoma 260. Wakulima walicheka mpaka wakakaa chini. Kumbe tangi la maji la lita 100 lilikuwa mbele kabisa na mtungi wa gesi juu yake. Tangi nimelihamishia juu ya ekseli, tatizo likaisha bila kununua chochote.

Springi nitapita haraka. Niliongeza vipande viwili nyuma, gari likakaa sawa, nikajiona bingwa. Lakini springi ngumu inaficha uzito machoni tu, breki zinaujua bado. Na siku gari likiwa tupu, matuta ya Kampala yalinitoa meno. Kimoja nimekitoa, kimoja kimebaki.

Rejeta, hapo nina maneno. Mshale wa joto wa kiwandani ni mpole kupita kiasi, unakaa katikati huku mambo yanaharibika, ukiinuka umechelewa. Nimefunga kipimo kingine chenye namba na king'ora. Na adui mkubwa wa rejeta yangu ni senene. Mnacheka? Pita Masaka usiku wa Novemba na taa zako kubwa, asubuhi fungua boneti. Wenyeji wangekaanga kilo mbili pale mbele. Wakibaki, wanakauka, wanaziba, na mlima wa kwanza baada ya Kabale injini inapiga kelele. Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje. Ukitumia mashine ya kuoshea boda boda kwa karibu, unalaza mapezi yote ya rejeta. Angalia na feni: injini ikiwa moto na imezimwa, izungushe kwa mkono. Ikizunguka hovyo bila ugumu, klachi yake imekufa.

Matunzo mengine niseme nikiwa natembea. Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewa. Ya aina ya DOT 4 ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi 230, ikishanywa maji inashuka mpaka karibu 155, na kwenye mteremko kama huu ikichemka unakanyaga pedali inakwenda mpaka sakafuni. Nabadilisha kila miaka miwili hata kama rangi ni nzuri. Mkanda wa taimingi kila kilomita 100,000, maana ukikatika valvu zinakutana na pistoni. Beringi za karavani nazigusa kila nikisimama. Kayabwe kwenye mstari wa ikweta wageni wakipiga picha, mimi nazunguka na kiganja changu. Gurudumu moja likiwa moto kuliko mengine, kuna jambo.

Na ngoma za breki zifungueni. Mwaka 2023 daraja la Katonga lilipofungwa tulizungushwa barabara za ndani za vumbi. Niliporudi nyumbani nikafungua ngoma, ikamwagika unga mwekundu kama wa mtama, na sumaku mbili zimelika upande mmoja. Tangu hapo, safari ya vumbi ikiisha, nafungua, napuliza, narekebisha viatu.

Kurudisha karavani nyuma kwenye kilima, msichome klachi. Ingiza gia nzito, ile low, hata kama ni lami na mmenyooka. Gari linatambaa lenyewe, mguu unapumzika, na mlinzi wa hoteli anapata muda wa kukuelekeza vibaya.

Kushuka leo nilitumia gia ileile niliyopandia, ya pili, breki nikigusa na kuachia. Ndiyo maana gurudumu linashikika. Kontrola ningeinunua tena kesho. Ile springi niliyoitoa bado ipo, anayeitaka aje Busia.

Huyu mpwa wangu ananiuliza kwa ishara kama atapewa usukani tukirudi. Mpaka Kabale, hapana. Kutoka Ntungamo mpaka Mbarara, tutaona. Zima hiyo kamera kwanza, uje ufungue cheni na kuzifunga upya mwenyewe, mimi nikitazama.