Antena ya CB ya nje: kabla hujalipa, igeuze uangalie chini yake

Masika iliyopita nilikaa wiki tatu nikiita bila kujibiwa. Redio yangu ya CB, ile ya watu binafsi kuongea kwa masafa ya 27 MHz, ilikuwa nzima. Mita ya SWR, inayoonyesha nguvu kiasi gani inarudi kutoka kwenye antena, ilisoma 1.2, na sote tumefundishwa kwamba namba ndogo ndiyo afya ya antena. Mwenzangu wa Kigamboni, ambaye siku zote tunasikilizana kama tumekaa baraza moja, akanipigia simu: "Dada, mbona sauti yako inatoka ndani ya pipa?"

Nikaanza kukagua kuanzia chini, kwa sababu ndiko rahisi. Nilipofungua plagi nyuma ya redio, hapo hapo mezani chumbani, tone la maji likanidondokea kiganjani. Maji yalikuwa yameingia juu, kwenye shina la antena, yakateremka mita 14 ndani ya waya mpaka kwenye redio. Nikachuna ganda la waya kwa kisu. Wavu wa shaba uliotakiwa kung'aa ulikuwa mweusi kama masizi, na nilipousugua kwa kucha ukakatika.

Na ile 1.2? Waya uliolowa unakula nguvu. Inayopanda inapungua njiani, inayorudi inapungua tena, kwa hiyo mita inaona kidogo tu kinarudi na inakupa namba nzuri. Kama SWR yako imekuwa nzuri ghafla baada ya mvua na hujagusa kitu, usifurahi. Panda juu.

Antena hiyo niliinunua Kariakoo, haina jina, imeandikwa tu 27 MHz kwenye boksi. Tundu la kuchomekea waya lilikuwa ubavuni, wazi, linatazama pembeni kama mdomo. Sikulitazama dukani. Nilitazama urefu, nikatazama uzito, nikauliza bei. Tangu nilipoieleza habari hii mara ya kwanza, wasomaji wawili, mmoja wa Tegeta na mwingine wa Mbagala, wamenitumia picha za antena zao, na zote mbili ni tundu lile lile ubavuni. Ndiyo sababu ya mwongozo huu.

Sitazungumzia dBi, kile kipimo cha jinsi antena inavyoelekeza nguvu. Kila boksi lina dBi zake, na hakuna mtu wa Dar anayezipima. Swali langu kwa kila antena ni moja: maji yataingilia wapi? Plagi ya PL-259, ambayo karibu CB zote zinatumia, haikutengenezwa kuzuia maji. Kwa hiyo nataka tundu litazame chini, na likae ndani ya bomba la shina, si nje yake. Kwetu shida inazidi kwa sababu ya chumvi. Ukiwa Msasani, Kunduchi au Mbezi Beach, upepo wa bahari unapaka chumvi kila kitu kilicho juu ya paa. Alumini ikigusana na shaba au chuma penye unyevu wa chumvi, inaliwa. Baada ya msimu mmoja unakuta unga mweupe kwenye kiungio na kutu ya kijani kwenye plagi.

Namba moja kwangu ni Sirio Gain-Master, na sifichi kwamba napenda Sirio. Ni kampuni ya Italia. Gain-Master ni fimbo ya faibaglasi ya zaidi ya mita 7, na sehemu inayofanya kazi imo ndani ya fimbo, mbali na mvua na chumvi. Haina miguu ya pembeni, zile fimbo zinazotoka shinani, wala pete za kuzungusha ili kuirekebisha. Inakuja imeshawekwa sawa kwa masafa yote ya CB, kuanzia 26.965 hadi 27.405 MHz, na bado ina nafasi ya masafa ya ziada. Upepo wa kusi ukivuma inapinda sana, majirani watakuita waseme antena yako inaanguka. Haianguki. Ifungwe tu kwenye bomba imara, tena bomba lenyewe lishikwe na kamba pande tatu.

Namba mbili ni Sirio tena, GPA 27 ya nusu wimbi. Hii ni ya alumini, kama mita 5 na nusu, na haihitaji miguu ya chini, kwa hiyo inafaa nyumba iliyobanana na nyingine, Sinza au Kinondoni. Wimbi la CB ni mita 11, ndiyo maana nusu yake inafikia urefu huo. Kosa lake ni viungio: kila bomba linapoingia kwenye lingine ni mlango wa chumvi. Kabla ya kuziunganisha, safisha kila kiungio, paka grisi maalumu ya viungio vya alumini, kisha kaza.

Namba tatu ni Antron 99, ambayo wengi huiita A99. Faibaglasi, vipande vitatu, unairekebisha kwa pete mbili zilizo chini. Ni antena ya watu wengi duniani na inafanya kazi. Nina manung'uniko mawili. Jua letu linakula ngozi ya faibaglasi mpaka nyuzi zinatoka na kuchoma mikono, kwa hiyo ipake rangi isiyo na chembe za chuma kabla hujaipandisha. La pili, hupenda kurudisha mawimbi juu ya wavu wa waya, upande wa nje, na hapo spika za jirani zinaanza kuongea kwa sauti yako. Viringisha waya mizunguko kadhaa chini kidogo ya antena, utapunguza ugomvi.

Imax 2000 ni ndefu zaidi, mita 7 na ushee, nzuri, ila sina la kuongeza kuizidi Gain-Master. Zile za sumaku za gari usiziweke juu ya bati la nyumba ukategemea maajabu. Kama huna hela kabisa, kata nyaya mbili za mita 2.63 kila mmoja, zitundike kama herufi V iliyopinduliwa, anza nazo.

Sasa waya, kwa sababu hapa ndipo ninapoumia. Niliuliza RG-213, aina nene ya waya wa antena, nikapewa waya mwembamba kama penseli. Nikamwambia muuzaji RG-213 ni nene, milimita 10 hivi. Akajibu, "Dada, waya wa antena ni waya wa antena tu." Si kweli! Waya wa televisheni ni wa omu 75, wa CB ni 50. Na kuna wanaouza RG-58, ile aina nyembamba, ambayo wavu wake unahesabika nyuzi kwa macho, ukiusogezea sumaku unanasa, maana yake ndani ni chuma kilichopakwa shaba. Nenda na sumaku mfukoni na umwombe akuchunie ncha. Akikataa, ondoka. RG-58 nzuri inatosha kwa mita chache, lakini ukifika mita 30 inakula karibu nusu ya wati zako 4. RG-213 itakula kama moja ya tano.

Na wakala wa mizigo aliyeniletea Sirio alinitoza kwa urefu wa boksi, si kwa uzito. Antena yenyewe mtoto anaibeba. Uliza hilo kabla hujalipa, uandikiwe.

Kufunga plagi: chomelea kwa lehemu, mpaka kwenye wavu, usiridhike na kukaza tu. Kisha zungushia tepu ya raba, ile unayoivuta ikajigandisha yenyewe, na juu yake tepu ya umeme. Anza chini upande juu, kama makuti yanavyoezekwa, ili tabaka la juu lilalie la chini na maji yateleze. Usitumie silikoni inayonuka siki, ile asidi yake inakula shaba. Kama antena ina kitundu cha kutolea maji chini, usikizibe. Waya ukikaribia kuingia ukutani, uteremshe kidogo chini ya tundu ufanye kitanzi, matone yadondokee hapo.

Kabla ya yote hayo, pita TCRA, mamlaka ya mawasiliano, Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma, uulize leseni ya redio yako. Mlingoti uwe mbali na nyaya za umeme kuliko urefu wa mlingoti na antena ukijumlishwa, ili hata ukianguka usifike. Usiupandishe peke yako.

Mimi sasa hivi, kila mwisho wa Februari, kabla masika haijaanza, nachomoa waya juu na chini, naweka mita ya omu kati ya msumari wa katikati na wavu. Inatakiwa isisome kitu, yaani ionyeshe hakuna njia ya umeme kati yake. Ni lazima uchomoe pande zote mbili, kwa sababu antena nyingi ndani yake zimeunganishwa na zitakudanganya. Ikisoma chochote, hata kidogo, nakata mita moja ya juu na kupima tena. Mwaka huu nilikata mara moja, wavu wa chini yake ukatoka unang'aa.