Dakika za mwezi mzima zimeliwa usiku mmoja

Bado nina hasira, na naandika kabla hazijapoa.

Tuko watatu, ofisi ndogo kando ya Ngong Road, tunatengeneza programu ya simu ya kuwekea akiba za chama. Mmoja wetu akisukuma msimbo, yaani akituma maandishi ya programu mtandaoni, huduma ya GitHub Actions huujenga na kuufanyia majaribio kabla haujaunganishwa na wa wenzake. Bure tunapata dakika 2,000 za mashine zake kwa mwezi.

Juzijuzi jioni nilisukuma badiliko dogo la upande wa iPhone, nikakimbilia matatu. Jaribio moja likakwama likingoja jibu la malipo. Nikala, nikalala, lenyewe linangoja tu, mpaka huduma ikalikata baada ya saa 6. Na dakika 1 ya mashine ya Mac huhesabiwa kuwa 10! Dakika 360 zikawa 3,600. Za mwezi zote zikaisha, ziada ikakatwa kwenye kadi yangu. Barua pepe ya onyo iliingia usiku wa manane.

Kutokuweka kikomo cha muda wa jaribio ni kosa letu, nakubali. Kilichoniuma ni jibu. Niliwaandikia kwa heshima, nikaeleza kila kitu, nikaomba angalau nusu. Baada ya siku mbili ukaja mstari mmoja: mfumo ulifanya kazi ilivyokusudiwa, soma maelekezo. Tiketi ya malalamiko yangu imefungwa. Hata pole hakuna! Mtu amekuja kwako ameumia, unamfungia mlango usoni?

Nikaapa tunarudi Jenkins, programu ya kazi hiyohiyo unayoiweka kwenye kompyuta yako mwenyewe. Hiyo haikuhesabii dakika. Lakini tuliwahi kuiweka kwenye kompyuta ya ofisini: stima ikipotea, kazi imelala. Halafu programu ya iPhone hujengwa kwenye Mac, nasi Mac hatuna.

Tena, lazima niseme haki, wiki hiyohiyo huduma hii ilituokoa. Kwenye laptop zetu majaribio yote yalipita. Kwake moja likaanguka, maana seva zake hufuata saa za kimataifa za UTC, saa 3 nyuma ya Nairobi. Mama aliyelipa saa saba usiku tarehe 1 angeandikiwa mwezi uliopita, kisha atozwe faini kwa mwezi aliokwisha kuulipia. Pesa ya mama mboga hiyo! Kwa hilo tu ningewapa nyota zote tano.

Nawapa mbili. Yule aliyenijibu hastahili hata moja.

Kikomo sasa ni dakika 15, na tiketi nimeifungua upya leo asubuhi.