Poti za kaktasi Mwanza: kabla hujalipa, igeuze uone kitako

Masika ikishika tu hapa Mwanza simu yangu inajaa picha za maiti. Kaktasi imelegea kiunoni, alovera imegeuka mlenda, na chini ya picha maneno ni yale yale, dada mbona namwagilia kidogo tu na bado imekufa. Namjibu nipigie picha ya poti kwa chini. Anakaa kimya kidogo, halafu inakuja picha ya poti ya keramiki nyeupe, nzuri kwelikweli, na tundu linalo. Sasa nauliza, ilikuwa imekaa wapi? Kwenye marumaru. Imekaa bapa, kitako chote kimelala chini, na tundu limezibwa na sakafu.

Hicho ndicho kitu ambacho hakuna muuzaji atakuambia na ndiyo maana naandika hii. Rangi chagua mwenyewe. Saizi, chukua inayozidi mizizi kwa upana wa kidole hivi, usimpe mmea mdogo poti kubwa eti atakua, udongo mwingi usio na mizizi unashika maji tu. Kuhusu tundu kila mtu anajua liwepo. Tunaongelea kitako.

Poti ikiwa na kitako bapa kabisa na ukaiweka juu ya kitu laini kama marumaru au kioo cha meza, maji hayana pa kutokea. Yanapita kidogo pembeni halafu yanagoma. Juu udongo unakauka, unagusa kwa kidole unaona mkavu, unamwagilia tena, kumbe chini ni tope tangu wiki iliyopita. Mizizi ya kaktasi na sakulenti, yaani mimea yenye majani au shina nene linalotunza maji, inataka hewa, ikikaa kwenye maji inaoza, na uozo unapanda kutoka chini kwenda juu kwa hiyo ukiuona kwenye shina ujue kazi ilishaisha siku nyingi.

Na tafadhali msiniambie "mimi nimeweka kokoto chini ya poti". Kokoto chini hazisaidii. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye mawe, yanasimama pale juu ya mawe mpaka udongo ushibe kabisa, kwa hiyo umeisogeza tope karibu zaidi na mizizi. Kokoto zichanganye na udongo wote, juu mpaka chini.

Poti nzuri inatakiwa iwe na vimguu, au mdomo kwa chini wenye mapengo, au mifereji inayotoka kwenye tundu hadi pembeni. Ukienda dukani igeuze. Muuzaji atakuangalia vibaya, mwache. Mimi huwa natembea na kichupa cha maji, naiweka poti sakafuni, namimina, nasubiri. Yakitoka nalipa. Kuna kaka mmoja pale mjini aliniuliza kama nanunua poti au nanunua bomba, nikamwambia vyote.

Haya, orodha yangu.

Namba moja ni Kenpoly, na najua wapenzi wa vyungu vya udongo mtanirushia mawe, na mawe Mwanza hayajawahi kuwa haba. Sijalipwa na mtu, natamani wangenilipa. Ninazipenda kwa sababu plastiki yake ni nzito, ukipitisha msumari wa moto inatoboka vizuri bila kupasuka, yaani kama kitako hakijanifurahisha nakirekebisha mwenyewe jikoni kwa dakika chache. Naongeza matundu, na la muhimu zaidi natoboa pia ubavuni, pale chini kabisa karibu na kitako, maji yapate pa kupita hata poti ikikaa bapa. Jaribu kufanya hivyo kwenye keramiki uone. Halafu ni nyepesi, mvua ya upepo kutoka ziwani ikianza unabeba nne kwa mkupuo unaingiza ndani. Zipo za plastiki nyembamba zisizo na jina zinazofanana nazo, zikipigwa na jua zinakuwa kama ganda la yai, mimi hizo hapana.

Namba mbili chungu cha udongo kisichopakwa rangi. Kinapumua, maji yanatoka hadi kwenye kuta zake, kwa hiyo kama wewe ni mtu wa mkono mzito ukishika kopo la maji, hiki kitakuvumilia kuliko plastiki. Ila angalia, vyungu vyetu vingi sokoni vimefinyangwa kwa ajili ya kupikia au kuweka maji, kitako ni cha mviringo cha kukalia mafiga na tundu hakina. Anayekuuzia hicho kama poti ya maua anakuuzia kazi. Chukua chenye kitako kilichokatwa, kikiwa na tundu, na ukifika nyumbani kiinue kutoka sakafuni. Ule unga mweupe unaotokea kwa nje ni chumvi za kwenye maji na mbolea, futa kwa brashi, si ugonjwa. Na Juni mpaka Agosti vile vidogo vinakauka haraka mno, kwa hiyo usimpe mmea mchanga halafu ukasafiri.

Tatu ni za saruji, zile nzito za barabarani. Nzuri kwa nje, upepo hauziangushi. Saruji mpya inatoa chokaa, kaktasi nyingi haziipendi, ijaze maji uyamwage, urudie mara kadhaa kabla ya kupanda. Kitako chake mara nyingi kimemiminwa kikalainishwa vizuri sana, yaani fundi amejitahidi mahali pasipotakiwa.

Nne makopo. La rangi, la Blue Band, ndoo iliyovunjika mshikio. Toboa, panda, basi.

Mwisho kabisa, keramiki. Sasa hapa mnivumilie.

Nyingi ninazokutana nazo hazina tundu kabisa, na muuzaji anakwambia "hii ni ya sakulenti, haihitaji maji mengi". Mmea usiohitaji maji mengi ndiyo unauwekea chombo kisichotoa maji? Ukiuliza bei mtandaoni unaambiwa njoo DM. Ukienda DM anakuuliza uko wapi. Ukisema Capri Point bei inapanda, ukisema Igoma inashuka kidogo, jamani poti ni ile ile. Ukilalamika anasema mzigo umetoka Kariakoo, na kweli Dar hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,100, nauli ipo, lakini mbona hata iliyofika mwaka jana ikakaa na vumbi juu ya shelfu nayo inapandishwa nauli kila mafuta yakipanda?

Na ule mchezo wa mawe ya gundi. Unauziwa kaktasi ndani ya kikombe kizuri, juu kuna vijiwe vyeupe, unavigusa havisogei. Vimegandishwa kwa gundi ili visimwagike kwenye safari. Maji hayaingii sawasawa na yakiingia hayatoki, hewa hakuna. Ving'oe siku hiyo hiyo kwa bisibisi, taratibu. Wengine wanabandika hadi ua la bandia kwenye kaktasi, ukilivuta linatoka na ngozi. Na zile zenye kichwa chekundu au cha njano ni mimea miwili iliyounganishwa, kile cha juu hakina kijani cha kujitengenezea chakula kwa hiyo kinaishi kwa mgongo wa kile cha chini, hazidumu miaka mingi. Anayekuuzia kwa bei ya mkoba wa ngozi alitakiwa akuambie.

Kama keramiki umeshanunua na unaipenda, una njia mbili. Ya kwanza, panda kwenye poti ya plastiki iliyo ndogo, itumbukize humo kama pambo tu, siku ya kumwagilia itoe nje, iache ichuruzike yote ndiyo uirudishe. Ya pili, peleka kwa fundi mwenye drili, mwambie atumie biti ya keramiki au kioo, drili izunguke tu isigonge, na amwagie maji kidogo kidogo isipate moto. Akibonyeza kwa haraka inapasuka, na hakulipi.

Na kwa wote wenye poti za kitako bapa, okota visoda vitatu. Vipange pembetatu chini ya poti, tundu likae katikati hewani. Bure kabisa, na vinajificha vizuri kuliko vile vimguu vya kuuziwa. Kama una kisahani chini, mwaga maji yaliyobaki, usiyaache yalale.

Udongo, kwa sababu najua mtauliza: mafungu mawili ya chenga za kokoto, zile zinazobaki kwa akina mama wanaogonga mawe, na fungu moja la udongo wenye mbolea iliyooza vizuri. Chekecha kwanza utoe vumbi, vumbi linaziba. Mchanga mkubwa wa ziwani nao unafaa, ziwa letu ni la maji baridi, hauna chumvi kama wa pwani, uoshe tu mpaka maji yatoke safi.

Dada wa Nyegezi aliyeuliza poti ya adeniamu, lile waridi la jangwani: chukua pana kuliko ndefu, maana shina lile nene ndiyo ghala lake la maji. Iweke juani, mvua ya masika isiipige kila siku. Na utomvu wake ni sumu, watu walikuwa wanapaka kwenye mishale, kwa hiyo ukikata tawi nawa mikono na uiweke juu watoto wasiifikie. Ile ya mviringo uliyonitumia picha usiinunue, kitako nimeshakiona.