Renjifainda ya zamani au kamera mpya ya otofokasi: nimezipanga kwa mpiga picha wa Mwanza

Wadau, hili swali limekuwa la kila wiki. Mtu kakusanya hela yake kwenye harusi na sendofu za Ilemela huko, kaona picha za Leica M9 mtandaoni, ile renjifainda ya kufokasi kwa mkono, usingizi umeisha, anataka hiyo hiyo. Rangi za M9 ni nzuri kweli, mimi mwenyewe nazipenda sana. Ila kama kamera ndiyo inakulipia kodi ya nyumba, ya kwanza ni Sony a7 III ya otofokasi, yaani inayofokasi yenyewe, iliyotoka 2018.

Hebu fikiria bibi harusi anaingia ukumbini anacheza, dijei anabadilisha taa kila sekunde. a7 III inashika jicho lake yenyewe na inamfuata. Kwenye renjifainda unaangalia kidirishani picha mbili, unazungusha lenzi mpaka zikutane, na zikikutana yeye keshasogea hatua mbili. Halafu M9 ISO yake, yaani uwezo wa kukamata mwanga mdogo, mwisho 2500 na chenga kwenye picha zinaanza mapema kabla hujafika huko. Kingine a7 III inaingia memori kadi mbili, hili msilichukulie poa, mimi kadi ilinifia jioni ya harusi nikiwa na kamera ya kadi moja, picha za kanisani zote zikaenda, na ile sura ya mama wa bibi harusi nikimwambia bado ninayo mpaka leo.

Ya pili Sony a6400, ya 2019, kama hela imebana. Senza (kile kipande cha ndani kinachonasa picha) ndogo, kadi moja, ila otofokasi kali na ni nyepesi, gramu 403.

Ya tatu Leica M240. Renjifainda bado, ila ina laivu vyuu, yaani unaona picha kwenye skrini ya nyuma kabla hujapiga, na haina ule ugonjwa wa senza wa M9.

M9 nimeiweka ya mwisho na roho inaniuma. Ilitoka 2009, megapikseli 18, senza ya Kodak ya aina ya CCD, na kioo kinachofunika ile senza ndicho kinaliwa polepole, ndio ule ugonjwa. Leica walikuwa wanabadilisha, baadaye wakaacha. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji: senza ilishabadilishwa? Na unyevu wetu huu wa ziwa lenzi zenyewe zinaota fangasi, hata ukinunua ipi weka kwenye boksi linalofunga vizuri na vile vipakiti vya silika.

Sasa nani achukue renjifainda? Yule ambaye kamera ya kazi anayo tayari. Nenda nayo soko la Mwaloni Kirumba alfajiri dagaa wakishushwa, lenzi ya 35mm, weka f/8 (tundu la lenzi liwe dogo), fokasi mita 3, basi kuanzia karibu mita 2 mpaka 7 kila kitu kimekaa sawa na hugusi tena lenzi. Kidirishani unaona mpaka nje ya fremu, mbeba ndoo unamwona anakuja kabla hajaingia. Raha ile sijaipata kwenye kamera nyingine. (Salimia watu na uombe kwanza jamani, pale ni kazini kwao.) Na ukitaka ladha kidogo kwa bei nafuu, lenzi za M zinakaa kwenye a7 III kwa adapta, unafokasi kwa mkono.

Ukimpata mwenye M9, kabla hujatoa hela mwambie mkutane ufukweni pale kwenye jiwe la Bismarck, weka f/16, piga mbingu tupu juu ya ziwa, kuza mpaka asilimia 100 upitie kona zote. Ukiona vidoto vyenye duara pembeni na vumbi limeshasafishwa, mrudishie kamera yake. Akikataa usipige hiyo picha, mrudishie vilevile.