Bampa imebonyea: mmalizane wenyewe au uende bima?

Magari yakigongana kidogo, kumalizana papo hapo na dereva mwenzako kuna nafuu yake: hakuna fomu, na punguzo la ada unalopewa kwa kutodai fidia halipotei. Kama fundi anataka pesa kidogo kuliko kile kiasi cha kwanza ambacho bima inakuachia ulipe mwenyewe, kudai hakuna faida.

Ila mimi naiogopa njia hii. Bampa ya plastiki hurudi umbo lake huku nyuma vishikizo vya taa vimekatika au sensa imehama, na shingo huweza kuanza kuuma kesho yake. Mwenzako akikugeuka, huna pa kushika. Bima huchukua muda, lakini madai ya huyo mwenzako itayashughulikia yenyewe. Hata mkielewana, pigeni picha, andikishianeni, na uiarifu kampuni. Mikataba mingi inadai hivyo.