TAHADHARI: Anauza modi za Hearts of Iron IV ambazo ni za bure, na ndani ametia sumu

Jamani, kuna mtu anazunguka kwenye makundi ya wacheza gemu za mikakati akiuza "kifurushi kamili" cha modi (nyongeza zinazotengenezwa na mashabiki) za gemu la vita la Hearts of Iron IV. Anakufuata inboksi, anakwambia modi zote kubwa zimo, zimeshapangwa, hazigombani. Msimlipe.

Rafiki yangu alimlipa, tukalikagua faili pamoja. Limefungwa kwa neno la siri, na hiyo si bahati mbaya: antivirusi haiwezi kuchungulia ndani ya faili la namna hiyo. Ndani kuna folda za modi, programu ya .exe ya "kusakinisha", na maelekezo yanayokutaka uzime antivirusi kwanza. Modi za gemu hili kwa kawaida ni data tu, kama maandishi, picha na sauti. Ni mafaili kama ya .txt, .yml na .dds. Hiyo .exe ina kazi gani hapo?

Kilichoniuma zaidi ni wizi wenyewe. Fungueni faili la descriptor.mod kwa Notepad, mtaona mstari wa remote_file_id wenye namba ndefu. Hiyo ndiyo namba ya ukurasa wa modi kwenye Steam Workshop, sehemu ya modi katika duka la gemu la Steam. Tuliifuata, ikatufikisha moja kwa moja kwa mtengenezaji mwenyewe, na pale modi ni bure. Watu wanakesha miaka wakijenga kazi kama modi ya Kaiserreich bila kudai malipo, halafu huyu anazikusanya na kuzipigia mnada!

Na hilo la "hazigombani" ni uongo. Modi mbili zikibadilisha faili lilelile, moja itaifunika nyingine. Gemu likisasishwa, nakala yake inabaki ya zamani, wakati ya Workshop hujisasisha yenyewe.

Sisemi Steam haiguswi. Desemba 25, 2023 wahalifu waliiteka Downfall, modi ya gemu la Slay the Spire, wakasambaza kupitia Steam programu ya kuiba nywila. Lakini pale watengenezaji walijitokeza wakawatahadharisha watu. Huyu muuzaji ukimuuliza swali anakublok.

Kama ulishaifungua ile .exe, kata intaneti kwenye kompyuta hiyo sasa hivi. Tumia kifaa kingine kubadilisha nywila, ukianza na barua pepe kisha Steam, ondoa akaunti zako kwenye vifaa vyote na uwashe Steam Guard (ulinzi wa ziada wa akaunti ya Steam). Ikiwezekana, sakinisha Windows upya. Akikufuata, piga picha mazungumzo yenu uwapelekee wasimamizi wa kundi kabla hajayafuta.